Mkamwana Ndani ya Spika

Jamani, aibu nimeshaziona nyingi katika maisha haya, nimewahi kuteleza na ndoo ya maji mbele ya kwaya nzima, nimewahi kumpa mchungaji pole ya msiba ambao haukuwa wake, lakini aibu ya kutolewa ndani ya spika kanisani, kinyumenyume, kitenge kinafuka moshi, mbele ya mtu ambaye kwa miaka tisa nilikuwa sijamtazama usoni, hiyo nakubali ni yangu peke yangu na sidhani kama Rungwe nzima ninaye mwenzangu. Nasimulia mwenyewe kwa sababu najua msiposikia kwangu mtasikia kwa watu wa Lupepo, na wale wanaongeza chumvi (yupo anayesema nilitoka naimba, si kweli, nilikuwa napiga kelele).

Kwanza mnielewe. Mimi ni fundi redio. Kibanda changu kipo Tukuyu mjini, na kazi hii nimefundishwa na mzee Salumu, ambaye baba yake alikuja huku kutoka Tanga na cherehani, mtoto akaikataa cherehani akapenda redio, na mimi nikamkuta hapo nikaganda mpaka akachoka kunifukuza. Mjini wameshanizoea, mwanamke na pasi yake ya kuungia waya kwa risasi, hakuna anayeshangaa. Ila nyumbani nilikoolewa, Lupepo, ni watu wa mila, na mila kubwa kuliko zote pale ni ile ya mkamwana na baba mkwe, wazee wanaiita ukutila. Najua siku hizi wengi wameilegeza, wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga picha wamekumbatiana, lakini kwa baba mkwe wangu haipo hiyo. Mkamwana haonani na baba wa mumewe, basi. Ukimsikia njiani unaingia migombani unasubiri apite. Hukai naye chumba kimoja, humsemeshi, na jina lake hulitamki (hata hapa sitalitaja, msinisubirie).

Na msije mkadhani ni chuki. Yule mzee aliniheshimu kuliko wanaume wengi wanaonipa mkono. Kila akikaribia kona ya nyumba yangu alikuwa anakohoa kwa nguvu, kikohozi cha uongo kabisa, ili nipate muda wa kujificha bila kukimbia. Nilipojifungua mtoto wangu Ipyana, kila asubuhi kwa mwezi mzima mama mkwe alinifikishia maziwa na kuniambia yametoka kwa baba yenu, ameyakamua mwenyewe, hakutaka mtu mwingine akamue. Mimi hayo siyasahau. Nilimpenda yule mzee nikiwa namjua kwa kikohozi na kwa koti lake refu la kijivu nikiliona kwa mbali, na nilikuwa sina njia ya kumwambia.

Sasa miaka miwili iliyopita masikio yake yakaanza kuchoka. Taratibu akaacha kwenda kanisani, mtu aliyeimba sauti ya nne tangu ujana wake, na mama mkwe alipombana akasema kanisani siku hizi anakwenda kusikiliza ngurumo, na ngurumo hata nyumbani zipo. Mume wangu, Baba Ipyana, akamuuliza vizuri, akaniletea majibu: ngoma anaisikia, kinanda kile kinene anakisikia, ila watu wanatafuna maneno. Mimi nikaelewa palepale. Masikio ya wazee yanapoteza kwanza sauti nyembamba, zile za s na t na k, na bila hizo neno linabaki kama uji. Na spika ya kanisa letu ilikuwa moja, kubwa, sauti nene tupu, haina twita (ile spika ndogo ya sauti nyembamba), yaani hata sisi wenye masikio mazima mvua ikipiga bati tulikuwa tunafuata mahubiri kwa kukisia.

Nikajiapiza. Yule mzee atasikia maneno kanisani kabla sijaitwa bibi. Usoni siwezi kumwendea, kumshika mkono nimpeleke hospitali siwezi, lakini spika naweza.

Nikaenda kwa mwalimu wa kwaya, Mwalimu Ambakisye, nikamwambia nitatengeneza spika mbili mpya kwa mikono yangu. Akafurahi, kisha akauliza kwa nini nisiweke tu twita na kapasita moja ya kuichujia sauti nene kama wanavyofanya wengine wote, ikaisha siku hiyohiyo. Hapo ndipo kichwa changu kigumu kilipoanza kazi. Kapasita moja ni kulipua kazi, nikamwambia. Spika nzuri inataka krosova ya kweli, ile mitambo midogo inayokaa ndani ya sanduku na kugawa sauti, nene ziende kwenye spika kubwa, nyembamba ziende kwenye twita, kila moja na njia yake na zisiingiliane (nikamchekesha kwamba ni kama mimi na baba mkwe). Ukigawa vibaya, spika kubwa inatafuna kazi ya twita na twita inalia kama bati linalokwanguliwa, na mzee wangu asingesikia neno.

Mwezi na nusu nilikuwa mtumwa wa koili, zile nyaya za kuzungushwa ambazo ndizo moyo wa krosova. Waya wa shaba niliutoa kwenye mota ya pampu iliyoungua, nikauzungusha kwenye vipande vya mwanzi mkavu kutoka Nkunga, maana chuma hapo katikati sikutaka, kinaharibu hesabu. Kila mizunguko kumi naweka punje moja ya mahindi kwenye bakuli, na ole wake anayenisemesha katikati. Koili ya kwanza nikaifumua mara tatu. Baba Ipyana aliniuliza chai iko wapi nikapoteza hesabu kwenye mia na themanini na kitu, siku hiyo tulilala bila kuongea. Kisha koili za sanduku la kulia na la kushoto lazima zifanane, la sivyo kanisa upande mmoja linasikia hiki na upande mwingine kile, kwa hiyo nikazipima kwa mita, nikawasha simu ipige mlio mmoja mwembamba halafu mnene halafu mwembamba, nikakaa nasikiliza huku nimefumba macho mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Nikapunguza mzunguko mmoja hapa, miwili pale. Mzee Salumu alikuja kuangalia, akageuzageuza ile kazi, akasema nimeiweza. Kwa mtu kama yule hiyo ni hotuba.

Masanduku nikayatengeneza ya plaiwudi nene, marefu kunifika kifuani, kila moja spika mbili kubwa na twita juu, tundu la kupumulia chini kwa mbele, na mfuniko wa skrubu nyuma. Ni makubwa, ndiyo. Yalikuwa makubwa kiasi kwamba mtu anaweza kukaa ndani, ila nani anawaza mambo hayo wakati anapiga randa.

Yakapelekwa Lupepo Jumamosi kwenye kirikuu, kwa barabara ile mnayoijua, tukayajaribu jioni, yakaimba mpaka Mwalimu Ambakisye akavua kofia. Sanduku la kushoto nililiweka makusudi pembeni ya benchi la kwanza upande wa wanaume, karibu na mlango mdogo wa pembeni, kwa sababu hapo ndipo baba mkwe alipokuwa anakaa zamani. Nyumbani mama mkwe akanitumia ujumbe kwamba mzee amekubali kuja kesho, mara moja tu, aone hizo spika za mkamwana wake, asiposikia asiulizwe tena habari za kanisa mpaka siku ya kumzika. Ndivyo alivyosema. Sikupata usingizi.

Jumapili nikawahi. Ibada saa tatu, mimi saa moja na nusu nimeshafika, kanisa tupu, mvua ile ya rasharasha inaanza. Nikawasha mashine ya kukuza sauti, nikaweka muziki kidogo, sanduku la kulia safi, la kushoto limenyamaza juu. Twita yake imekufa. Mungu wangu. La mzee, jamani, katika yote mawili ni la mzee.

Nikajua ni nini, na hapo ndipo mniseme mtakavyo. Waya wa koili una vanishi juu yake kama ngozi, na kabla ya kuuchomelea lazima uikwangue mpaka shaba iwake. Kiungio kimoja cha mwisho, kimoja tu, siku ya mwisho nilikuwa nimechoka na nilikikwangua nusu, nikajisemea risasi itashika. Ilishika juujuu. Barabara ikamalizia. Mwezi na nusu wa kuhesabu punje za mahindi, halafu naangushwa na kucha moja ya vanishi.

Mwenye akili angeubeba ule ubao wa krosova nje akautengenezee mezani. Mimi nilikuwa nimeufunga kwa skrubu na gundi chini kabisa ndani ya sanduku usitikisike (usitikisike!). Nikatazama saa. Nikaona dakika tano zinatosha. Mama mkwe alishaniambia mzee hatoki nyumbani kabla ya kengele ya pili, na hata ya kwanza ilikuwa haijalia. Basi nikafungua mfuniko wa nyuma, nikachomeka pasi kwenye umeme ipate moto, nikajikunja, nikaingia ndani mpaka kiunoni, tochi ya simu mdomoni, miguu nje.

Nikasikia kikohozi.

Nakifahamu kile kikohozi kuliko ninavyofahamu mlio wa simu yangu. Kilikuwa nje ya mlango mdogo wa pembeni, hatua tatu kutoka nilipo, na mlango ukafunguka. (Baadaye niliambiwa aliamka saa kumi na moja, akavaa koti, akakaa sebuleni akisubiri kuche. Mzee alikuwa na hamu kuliko mimi.) Mlango mkubwa uko mwisho wa kanisa, ningeufikia kwa kupita katikati ya benchi zote anaziona. Nyuma yangu ukuta. Sikufikiri, mwili wenyewe umeshazoea kujificha miaka tisa, nikavuta miguu ndani, nikakunja magoti mpaka kidevuni, nikakamata mfuniko kwa waya wa spika uliopita katikati yake nikauvuta ukakaa. Na pasi ya moto nimeishika mkononi.

Nikajiambia atakaa kidogo, atatoka kusalimiana na watu nje, nitachomoka. Hakutoka. Nikasikia benchi la kwanza likilia, akaketi pale nilipompangia mwenyewe, sikio lake upande wa sanduku langu. Katikati yetu kulikuwa na plaiwudi tu. Nilisikia hata anavyopumua.

Kengele ya kwanza. Kengele ya pili. Watu wakaingia. Mwalimu Ambakisye akaja anauliza fundi yuko wapi, mwanamama gani anaacha mashine inawaka anaondoka, mama mkwe akajibu nimeonekana asubuhi, labda nimerudi nyumbani kubadili nguo. Ningefanyaje? Nigonge? Niseme nipo humu? Sauti yangu yenyewe mzee hakutakiwa kuisikia hivyo. Nikanyamaza, na ibada ikaanza.

Mnajua mtu akikuambia spika inapiga vizuri? Nenda ukakae ndani yake. Kinanda kilipoingia na ile sauti ya chini nilihisi meno yanahama. Kila kwaya ikipanda, mgongo wangu uliogusa spika ulipigwa ngumi. Nikalia, nawaambia ukweli, nikalia kwa hasira zangu mwenyewe, kisha nikasikia nje baba mkwe anamwambia jirani yake kwa sauti ya watu wasiosikia, sauti ya kanisa zima, kwa Kinyakyusa, kwamba ni ngurumo zilezile, bora angebaki na ng'ombe wake.

Machozi yakakata hapohapo. Nikasema moyoni, baba, hutoki humu hujasikia. Aibu imeshanipata, iliyobaki ni kazi. Pasi ninayo, ina moto. Krosova iko mbele ya pua yangu. Nani kasema lazima mtu awe nje?

Nikaweka simu kati ya magoti, nikautafuta ule waya, na kwa kuwa kisu nilikiacha juu ya benchi nikaukwangua kwa meno. Kwaya ilikuwa inaimba, na mnisamehe kwa hili, wimbo wenyewe ukanipiga shoti kwenye ulimi, kidogo kidogo, kwa kufuata mapigo. Sikuachia. Nikakwangua mpaka nikaona shaba inawaka, nikausokota, nikaweka ncha ya pasi, nikalisha risasi taratibu mpaka ikatiririka vizuri ndani, siyo juujuu, nikaipuliza ikapoa. Na juu ya kichwa changu twita ikafunguka.

Mchungaji alikuwa kwenye matangazo. Anasema wanaume wote wabaki baada ya ibada kusomba mawe ya msingi, na wageni kutoka Suma watafikia kwa mzee wa kanisa. Matangazo tu. Nikasikia benchi likilia tena, halafu baba mkwe, kwa sauti yake ileile ya kanisa zima, akarudia.

"Mawe," akasema. Kisha akasema, "Suma."

Nikaziba mdomo kwa viganja viwili. Ndiyo, viwili. Na pasi je? Hilo ndilo swali ambalo mtu mwenye akili angejiuliza kabla. Niliiweka pajani.

Kitenge kilianza kunuka kabla sijahisi moto. Nikakurupuka, kiwiko kikagonga ubao, waya wa kapasita upande wa pili ukang'oka, twita ikanyamaza, na moshi, kwa kuwa moshi lazima utafute pa kutokea, ukatoka kwa ustaarabu kabisa kupitia lile tundu la kupumulia, mbele ya kanisa. Mama mmoja akasema spika inaungua. Sasa mzee wa zamu siku hiyo alikuwa mzee Anyosisye, mtu wa vitendo, na chini ya bati linalovuja pale karibu na madhabahu huwa kuna ndoo, na ndoo ilikuwa imejaa maana mvua yetu haina mchezo. Nilisikia hatua zake. Nikasema hapana, hapana, hapana, kwa kunong'ona kwanza, na maji yakaingia yote tunduni yakanikuta kifuani, ya baridi ya Rungwe ya asubuhi, nikapiga kelele ambayo naambiwa ilisikika mpaka kwenye mashamba ya chai upande wa pili wa barabara.

Fikirini mpo kanisani na spika inalia kwa sauti ya mwanamke. Kuna waliokimbia. Kuna aliyeanza kukemea mapepo. Mwalimu Ambakisye akachomoa umeme wote, mfuniko ukang'olewa, mikono ikanishika miguu, nikavutwa nje makalio yakitangulia, nywele zimejaa vumbi la plaiwudi, kitenge kina tundu la kupitisha ngumi, nimelowa. Nikasimama kwa kujitikisa. Nikageuka.

Alikuwa mbele yangu, urefu wa mkono mmoja. Amesimama kwa sababu watu wote walikuwa wamesimama.

Miaka tisa, na nilikuwa sijui kwamba ana macho ya mume wangu. Yaleyale, na kovu dogo juu ya nyusi. Naye akanitazama, nadhani naye alikuwa hajui nikoje. Haikufika hata pumzi moja. Mimi nikaanguka chini, nikavuta kitenge changu chenye tundu kichwani, na yeye akageukia ukutani akajifunika kichwa na koti lake la kijivu. Kila mzee pale alijua nimefanya nini, na vijana nao wakasoma kwenye nyuso za wazee. Nilitamani ardhi inipokee. Niliwaza, sasa huyu mzee harudi kanisani tena, na sababu ni mimi niliyetaka arudi. Nimemharibia. Hilo ndilo lililoniuma, siyo maji wala moto.

Mama mkwe akaja kutoka upande wa wanawake akapiga magoti kati yetu, kama ukuta, mama wa watu, hajui aanzie wapi. Na hapo baba mkwe, ameelekea ukutani, koti kichwani, akasema kwa sauti ile kubwa, kila mtu akasikia.

"Muulize mama Ipyana, ile sauti aliyokuwa ananipa imekwenda wapi?"

Mama mkwe akaniinamia kuniuliza kana kwamba sijasikia. Nikamnong'oneza kwamba waya umeng'oka, mmoja tu, ni kazi ya dakika kumi. Mama mkwe akampelekea jibu, hatua mbili. Mzee akalivuta koti lake vizuri kichwani.

"Basi mwambie arudi humo amalize. Mimi nitakaa hivihivi."

Akakaa. Kwenye benchi la kwanza, mgongo kwetu, koti kichwani, mikono magotini. Na mimi, jamani, mbele ya kanisa zima, mchana kweupe, nimelowa, nilifuta pua, nikamwomba Mwalimu Ambakisye arudishe umeme wa pasi tu na sio wa mashine, nikakausha ubao kwa pindo la kitenge, nikaingia tena ndani ya spika. Safari hii nilikwangua waya kwa kisu mpaka ukang'aa, nikavikagua viungio vingine vyote, kimoja kimoja, na sikuharakishwa na mtu. Kwaya waliimba kwa midomo mitupu kunisubiri. Kuna waliocheka, nilisikia, na walikuwa na haki. Nilipomaliza nilitoka, nikainama, nikapita nyuma ya wanawake na kutokea mlango mkubwa, nikasimama nje kwenye mvua chini ya paa, na nikasikia mashine ikiwashwa na mchungaji akianza matangazo upya, tangu mwanzo, kwa ajili ya mtu mmoja.

Wiki ile sikuonekana barabarani. Mjini wateja walikuja kibandani hawana hata redio mbovu, wamekuja kuniangalia. Mpaka leo wapo wanaoniita Mama Twita, na mzee Salumu aliponiona alinyoosha kidole kwenye deki ya zamani akaniuliza kama nitaingia au nitaifungua. Mama mkwe alinipeleka kuomba radhi kwa mila, na jogoo na mkungu wa ndizi, nikapiga magoti nyuma ya ukuta wa jikoni, mzee akapokea upande wa pili, akakohoa mara moja tu, nikajua imekwisha.

Mafunzo ninayo, tena ya maumivu. Usiunge waya hujaukwangua, hata ukiwa umechoka vipi, hata kiwe kiungio cha mwisho duniani. Usigandishe krosova mahali usipoweza kuifikia umesimama. Za kwangu siku hizi zinakaa kwenye mfuniko, unafungua skrubu nane inakuja yenyewe mkononi. Na sitaingia tena ndani ya spika, nimeapa, hata baba mkwe aje na jeshi. Nitakimbia nipite katikati ya benchi.

Baba mkwe alirudi Jumapili iliyofuata, na ile nyingine. Jumapili ya nne, jioni, mama mkwe alikuja kwangu, akakaa, akakunywa chai yote kwanza, kisha akasema ametumwa na baba yenu.

Nikamwambia nasikiliza.

"Anasema umwangalie mchungaji wenu huyo. Zile s zake zimezidi, zinamchoma masikio."

Nikaingia chumbani nikakaa kitandani nikacheka huku nalia mpaka Baba Ipyana akaja kuangalia kuna nini. Kisha nikatoka, nikamwambia mama amwambie baba nimesikia, nitazipunguza.